Kabla Hujasema Mbwa Kawekewa Sumu: Maswali na Majibu Kuhusu Mimea ya Bustani

Asubuhi mbwa wangu alikuwa mzima, jioni anatapika na kuyumba. Nani kamwekea sumu?

Huenda hakuna. Mbwa akiugua ghafla tunamfikiria jirani au mwizi, na ni kweli wapo wanaorusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Lakini zunguka uani kwanza. Tafuta majani yaliyotafunwa, maganda ya mbegu, udongo uliofukuliwa. Mbwa anayefungwa mchana kutwa hutafuna kilicho karibu naye, na mtoto wa mbwa anayeota meno hahitaji hata sababu.

Mmea upi ni wa kuogopa zaidi?

Mimi naanza na saikasi, ile inayoonekana kama mnazi mfupi wenye majani magumu. Mitapo ya pwani ni jamaa zake. Wauza miche wanaisifu kwa kuvumilia ukame, na watu wanaipanda mbili mbili getini. Mmea wote una sumu, ila mbegu zake, za rangi ya chungwa au nyekundu, ndizo kali kupita kiasi. Cha kusikitisha ni kwamba mbwa huzipenda. Mbegu moja au mbili zinaweza kumuua.

Kutapika huanza ndani ya saa chache. Madhara ya ini huweza kuonekana siku ya pili au ya tatu: ufizi na weupe wa macho hugeuka manjano, kinyesi huwa cheusi. Kwa hiyo mbwa aliyekula saikasi akaacha kutapika bado hajapona. Mpeleke tu kwa daktari wa mifugo.

Na ule ua wa oleanda?

Oleanda ina majani marefu membamba na maua ya waridi, meupe au mekundu. Thevetia, yenye maua ya manjano yanayoinama kama kengele, ni ya ukoo mmoja nayo. Sumu zao huvuruga mapigo ya moyo. Jani likikauka sumu hubaki, na hapo ndipo watu wengi wanapojisahau: ua unapogolewa Jumamosi, matawi yanarundikwa karibu na banda la mbwa, naye anajichagulia kijiti cha kuchezea. Hata maji ya chombo kilichowekwa maua hayo yamwagwe mbali.

Mbarika je? Huota wenyewe tu.

Ndiyo maana hauogopwi. Mbegu ya mbarika ikimezwa nzima inaweza kupita bila madhara makubwa, kwa kuwa ganda lake ni gumu. Ikitafunwa, hutoa sumu iitwayo risini. Dalili zinaweza kuchelewa hadi siku nzima au zaidi, kisha kunakuja kutapika na kuhara damu. Mashudu ya mbarika yakitumiwa kama mbolea, mbwa huyafukua na kuyala kama chakula.

Mnyaa, au utupa, hudhuru kwa utomvu wake mweupe. Ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kwa robo saa, kisha nenda kwa daktari. Na wewe jikinge macho unapoukata.

Shubiri si dawa?

Kuku wanawekewa shubiri kwenye maji ya kunywa, basi watu wanaona na mbwa atafaidika. Mbwa si kuku. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani humharisha na kumtapisha. Mara nyingi haumuui, lakini hakuna haja ya kumpa.

Nimpe maziwa?

Hapana. Maziwa hayazimi sumu ya oleanda, mbarika wala saikasi. Chumvi ya kumtapisha ni mbaya zaidi, kwani chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Mafuta ya kula yanaweza kupitia njia ya hewa na kuingia mapafuni. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si mkaa maalumu anaotumia daktari. Mwondolee mabaki mdomoni, mfungie mbali na mmea, mpigie daktari wa mifugo. Kumtapisha ni uamuzi wake, na hafanyi hivyo kwa mbwa anayetetemeka au aliyepoteza fahamu.

Niende na nini?

Tawi la mmea wenyewe kwenye mfuko, lenye jani na ua au mbegu. Taja saa ulipomwona akila, kiasi alichokula na uzito wake. Nairobi kuna kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Kwingine mtafute afisa mifugo wa kata. Hata kama amezoea ng'ombe kuliko mbwa, oleanda huua ng'ombe na mbuzi pia.

Sasa ning'oe kila kitu?

Mbarika na thevetia ningeng'oa. Oleanda iliyong'olewa usiichome moto, moshi wake nao hudhuru. Ifukie mahali mifugo haifiki. Saikasi ni ghali, najua. Ile jike ndiyo huzaa mbegu, kwenye kichwa cha katikati: vaa glavu, kikate mbegu zikiwa changa. Majani yatabaki na sumu, kwa hiyo kama una watoto wa mbwa, izungushie wavu wa kuku.