Kalibu Haina Ubovu, Weka Tupa Chini

Kazi yangu ni kuchonga kalibu za alumini za kusubu chubwi, yaani za kumiminia risasi iliyoyeyushwa igande kuwa vizito vya kuzamishia mshipi, na wateja wangu wengi ni wavuvi wa mshipi wa maeneo ya Deep Sea na Sahare hapa Tanga. Malalamiko ninayoyasikia yanabadilisha sauti tu, maneno ni yale yale: "Fundi, kalibu uliyoniuzia mbovu. Chubwi zinatoka na makunyanzi." Na mara nyingi, kalibu inaponirudia mkononi, tupa imeshapita juu yake. Sasa hapo kweli ni mbovu. Hapa chini ni maneno ninayoyasikia, na majibu yangu.

"Kalibu mpya ikitoa makunyanzi, imechongwa vibaya, isuguliwe msasa"

Hii ndiyo inayonimaliza, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kalibu inapotoka kwenye mashine huwa imelowa mafuta ya kukatia. Ukiifuta kwa kitambaa inang'aa, unadhani ni safi, kumbe mafuta yamejificha kwenye mistari ya hewa na kwenye matundu ya pini. Ukimimina risasi, mafuta yanageuka mvuke. Ule mvuke unakaa katikati ya risasi na ukuta wa kalibu, na risasi inaganda ikiwa imejikunja. Sababu ya pili ni ubaridi. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na alumini ni hodari wa kunyonya joto. Ukimimina kwenye kalibu iliyotoka kabatini, risasi inaganda kabla haijafika kwenye kona. Mafuta na ubaridi, basi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondolewa na msasa.

Kinachoondolewa na msasa ni mistari ya hewa. Ile mikwaruzo myembamba unayoiona kwenye uso wa kalibu haikuachwa kwa uvivu wa fundi. Imewekwa ili hewa ipate pa kutokea huku risasi ikishindwa kupita. Ukiifuta, hewa inabaki ndani na chubwi inakuwa na mashimo. Uso nao unapoteza unyoofu, nusu mbili hazikutani tena sawasawa, risasi inapenya pembeni na chubwi inaota mapezi. Mteja anakuja nayo na kuniambia, "Si nilikwambia?"

Cha kufanya ni hiki. Chemsha maji, chukua sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, sugua kila tundu na kila mstari, mpaka maji yakimwagwa juu ya uso wa kalibu yatandae bila kujikusanya matone matone. Matone maana yake mafuta bado yapo. Suuza, anika, kisha ipashe moto taratibu hadi uwe na hakika haina hata unyevu. Thina nayo inafaa, ila fanyia mbali na jiko na uiache ikauke kabisa. Wanaotumia petroli pembeni ya mkaa unaowaka nawaomba tu wasinialike.

Halafu pitisha kipande cha pamba polepole kwenye ukingo wa kila shimo. Kama kuna kinyweleo cha alumini kilichobaki, pamba itanasa, utaona uzi mweupe umeachwa pale. Hapo, na hapo peke yake, ndipo pa kugusa. Tumia ncha ya kijiti cha mbao ngumu, sukuma kile kinyweleo kitoke, acha. Nimeshaona mtu anaondoa kinyweleo kidogo kuliko punje ya chumvi kwa kusugua uso wote kwenye sakafu ya saruji.

Baada ya hapo ipashe kalibu moto ikiwa tupu, iache ipoe yenyewe, urudie kama mara tatu. Uso unajenga utando mwembamba wa oksaidi na unafifia rangi kidogo. Usishtuke, na usiusugue! Utando huo unasaidia risasi isishike.

Siku ya kusubu, ilaze kalibu kavu kwenye ukingo wa chungu wakati risasi inayeyuka. Kabla ya kumimina, chovya kona yake moja ndani ya risasi, shikilia kidogo, itoe. Risasi ikiganda na kung'ang'ania kwenye kona, kalibu bado ni baridi. Kona ikitoka safi, anza kazi. Chubwi za mwanzo zirudishe chunguni bila kuzihuzunikia, kisha usubu kwa mwendo mmoja bila kusimama kupiga soga, maana kalibu ya chubwi ndogo inapoa upesi. Za nusu kilo zina shida iliyo kinyume: risasi ni nyingi, kalibu inazidi moto, utalazimika kuipumzisha.

Chubwi yenyewe itakwambia kasoro iko wapi. Ikiwa na makunyanzi yanayong'aa, kuna ubaridi au mafuta. Ikiwa na weupe wa unga unga kama ukungu, moto umezidi. Ikiwa na mapezi, nusu mbili hazijafunga. Hapo angalia kwanza kama kuna chembe ya risasi iliyoganda kwenye uso, kwa sababu mara nyingi ni hiyo, na inatoka kwa kijiti kile kile.

"Paka mafuta kwanza, kama kikaango cha chapati"

Kikaango hukipaka mafuta ili unga usishike. Kalibu ukiipaka umerudisha ule uchafu tulioutoa kwa mswaki. Ukitaka kulainisha, gusa pini na bawaba kwa nta kidogo sana, ncha ya kijiti inatosha, isifike kwenye shimo. Masizi ya mshumaa? Nayo yana nta. Kalibu iliyooshwa na kupashwa vizuri haiyahitaji.

"Risasi haijaiva mpaka iwe nyekundu"

Huyu ni mtu aliyezoea kuona wahunzi wakifua chuma. Kitu kikianza kung'aa wekundu kimeshapita nyuzi 500, na sisi tunataka kama 350 hadi 400. Juu ya hapo risasi inaliwa na hewa upesi, utando wa juu unazidi, na mvuke wenye sumu unaongezeka. Kibaya zaidi, wengi wanayeyushia kwenye sufuria ya alumini huku wakivuvia mkaa. Alumini safi inayeyuka kwenye nyuzi 660, na masufuria yetu mengi ni ya chakavu kilichochanganywa, yanalegea kabla ya hapo. Sufuria ikitoboka na kilo tano za risasi ndani, miguu yako ndiyo iko chini yake. Tumia chungu cha chuma.

Moto mkali unaleta balaa lingine. Ukiokota risasi za balansi ya tairi, siku hizi nyingine ni zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo ukiweka moto wa wastani vipande vyake vinaelea vikiwa vizima, unaviopoa kwa upawa. Ukizidisha, vinayeyukia humo humo, risasi inakuwa nzito kama uji na haijazi kalibu. Na lawama, bila shaka, ni za fundi.

"Ichovye kwenye maji ipoe haraka"

Tone la maji likizama chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke wenye ukubwa wa mara 1,600 na zaidi, kwa kufumba na kufumbua, na risasi yote iliyo juu yake inarushwa usoni kwako. Kalibu iliyochovywa maji hubaki na unyevu kwenye bawaba. Upawa uliokuwa nje usiku una umande. Jasho la paji la uso nalo ni maji. Kalibu ipoe kwa hewa, na wewe uwe na miwani, viatu vilivyofunika vidole na suruali ndefu. Kandambili, hapana.

"Betri kuukuu ni risasi ya bure"

Si ya bure. Sahani za betri zimejaa asidi na unga wa risasi, na unachopata mwishoni ni kidogo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya kwa sumu hiyo. Kesi ikapanda rufaa. Kile kilikuwa kiwanda. Wewe unataka kufanya uani, watoto wakicheza hapo hapo.

"Nasubu nje, moshi unakwenda zake, niko salama"

Nje ni vizuri, endelea. Lakini vumbi la ule utando unaoukwangua juu ya risasi haliendi popote. Linakaa mikononi, kwenye kanzu, kwenye sigara unayoivuta katikati ya kazi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na chungu cha risasi kisirudi jikoni hata siku moja. Mimi ninavyotaka, toboa ukingo wake tundu kubwa linaloonekana, ili hata mgeni asikidhanie cha wali.

"Kazi ikiisha, itoe chubwi ya mwisho na uipake kalibu mafuta isishike kutu"

Alumini haishiki kutu, pini za chuma ndizo zinazoshika, hasa kwa chumvi ya pwani hii. Acha chubwi ya mwisho ndani ya kalibu, funga, gusa pini kwa nta, zungushia kitambaa kikavu. Na kama mtu amekushawishi ukapaka mafuta, anza tena na maji ya moto na mswaki kabla ya kunipigia simu.