Kofia ya jino ya kauri: usiulaumu ugumu, angalia uso

Ukiambiwa jino lako litavalishwa kofia ya zirkonia, aina ya kauri ngumu sana, hutakosa wa kukuonya: kitu hicho ni kigumu kuliko jino, kitalila jino linalokutana nacho. Ni kweli ni kigumu, mara tatu hivi ya enameli, tabaka la nje la jino. Lakini jiwe la mtoni nalo ni gumu, na kiganja hupita juu yake bila kuchubuka. Livunje, kisha ugusie pale lilipovunjikia. Katika majaribio ya maabara, zirkonia iliyong'arishwa sawasawa hulila jino pinzani kidogo kuliko kauri ya zamani ya feldspa, ambayo si ngumu kama zirkonia. Kinacholila jino ni uso unaoparuza.

Hapo ndipo linapozaliwa kosa jingine, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote: kuamini kwamba kofia ikitoka maabara inameremeta, kazi imekwisha. Mmeremeto ule mara nyingi ni glezi, utando mwembamba wa kioo uliochomewa juu ya kauri tanuruni. Kutafuna huufuta, pengine ndani ya miezi tu, na kinachojitokeza ni uso uliokuwa umefichwa. Fundi aliyeung'arisha kabla ya kupaka glezi hana wasiwasi. Aliyetegemea glezi ifunike mikwaruzo ameahirisha tatizo.

Daktari naye akiisaga kofia kidogo ili meno yakutane vizuri, ameiondoa glezi mahali hapo. Inabidi apitishe vichwa vya mpira vya kung'arishia vyenye chembe za almasi, kuanzia vyenye chembe kubwa hadi laini, bila kuruka hatua na bila kuacha kauri ipate moto, amalizie kwa pasta ya almasi. Lengo linalotajwa sana ni mparuzo usiozidi mikromita 0.2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), maana ukizidi hapo utando wa bakteria hupata pa kushikilia. Mgonjwa hana kifaa cha kupimia, ila ana ulimi. Upitishe kabla hujainuka kitini, pakiparuza, sema.

"Zirkonia haivunjiki." Ipi? Ile ya kawaida huhimili mkunjo wa megapaskali (kipimo cha mkazo) 900 hadi 1,200, disilikati ya lithi, kauri nyingine yenye kioo, 400 hivi, feldspa karibu 100. Siri ya zirkonia ni kwamba ufa ukianza, fuwele zilizo karibu hubadili umbo, zikavimba kwa takriban asilimia 4 na kuubana. Zile zinazopitisha mwanga zaidi, zinazopendwa kwa meno ya mbele, zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo huo, ingawa jina ni lile lile. Na kauri yoyote huanza kuvunjika kwenye mkwaruzo: nguvu ya kutafuna hurudiwa maelfu ya mara, unyevu wa mdomo husaidia ufa kutambaa, siku moja kipande kinaruka. Anayesaga meno usingizini avae kinga ya usiku, hata kama kofia yake ni ya zirkonia.

Kauri haiozi, hilo halina ubishi. Jino lililo chini yake linaoza, hasa pale kofia inapokutana na fizi, kwa hiyo mswaki na uzi vinaendelea. Floraidi pia, ila jeli zenye asidi zinazopakwa kliniki huweza kuikwangua kauri yenye kioo. Mkumbushe anayekupaka kwamba una kofia, akupe isiyo na asidi.