Je, wajua kwa nini dashibodi ya gari la sinema hupepesa ukiipiga video?

Chukua nakala ya gari la Back to the Future, filamu ya mwaka 1985 kuhusu gari linalosafiri katika wakati. Kwenye dashibodi yake kuna safu tatu za tarakimu: nyekundu kwa tarehe unayoiendea, kijani kwa tarehe uliyopo, njano kwa tarehe uliyotoka. Aliyeiunda anabonyeza swichi na kila tarakimu inang'aa, imetulia tuli. Mchana kweupe anatoa simu na kuipiga video awaonyeshe wenzake. Kwenye video, mwaka umepoteza tarakimu mbili, dakika zimebaki nusu ya juu, na safu nzima inapepesa. Akiitazama tena kwa macho, kila kitu kipo mahali pake.

Jibu la haraka ni kwamba waya umelegea mahali, au kompyuta aliyoiweka haina nguvu. Watu hubadilisha betri, hurudia kulehemu, hununua kompyuta kubwa zaidi, na video hubaki ile ile. Nyuma ya jibu hilo kuna dhana inayostahili kuvunjwa kwanza: kwamba gari la kwenye filamu lilikuwa na mtambo wa kweli, wa gharama, na nakala hii inashindwa kwa kuwa ni ya mkono mtupu.

Tumtazame KITT, Pontiac Firebird Trans Am nyeusi ya tamthilia ya Knight Rider, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1982. Gari lilijibu maswali, likatania, likamkemea dereva. Sauti ile ilikuwa ya mwigizaji William Daniels, aliyerekodi maneno yake studio, kando kabisa na gari. Hata jina lake halikuandikwa miongoni mwa waigizaji, kwa ombi lake mwenyewe, kwa hiyo ukisoma majina mwishoni unaweza kudhani gari lilijisemea. Ndani ya Pontiac ile hapakuwa na kitu kilichoelewa neno hata moja. Miaka 14 kabla yake, katika 2001: A Space Odyssey, skrini zilizojaa hesabu za kompyuta ya chombo cha angani zilikuwa vipande vya filamu ya milimita 16, vikirushwa na projekta zilizofichwa nyuma ya vioo. Kompyuta maarufu kuliko zote za sinema ilikuwa sinema ndani ya sinema.

Kifaa cha kuigizia kinatakiwa kuonekana sawasawa kwenye lenzi kwa sekunde chache ambazo tukio linahitaji, basi. Kamera ikizimwa kinaweza kutoa moshi na ratiba ya siku ikaendelea. Hata uzuri wake ulipimwa kwa lenzi, si kwa jicho. Televisheni za kioo kinene za Marekani zilichora picha 30 kwa sekunde, ilhali kamera ya filamu hupiga 24. Ukiirekodi moja kwa nyingine, mstari mweusi hutambaa juu ya skrini. Mafundi walitibu hilo kwa kurekebisha skrini nazo zichore picha 24, sambamba na mwendo wa kamera. Aliyekuwa amesimama pale alioneshwa skrini inayopepesa hadi macho yaume. Aliyeketi ukumbini hakushuku chochote.

Nakala ya leo imegeuzwa chini juu. Imeundwa kwa ajili ya jicho la mtu aliyekaa kwenye kiti, na inaumbuka mbele ya kamera. Chanzo ni jinsi tarakimu zinavyowashwa.

Hesabu kidogo. Kila safu ina mwezi wa herufi tatu, siku, mwaka, saa na dakika. Kila tarakimu huchorwa kwa vipande saba vinavyowaka, kila kipande taa yake, kwa hiyo tarakimu kumi zinatoa vipande 70. Herufi za mwezi hazitoshi kwenye vipande saba, maana M na V hazichoreki vizuri, kwa hiyo hutumiwa za vipande 14, nazo tatu zinaongeza 42. Safu moja ni taa ndogo 112. Safu tatu ni 336, bila kuhesabu nukta za saa. Arduino Uno, ubao mdogo wa kompyuta unaopendwa sana kwa kazi hizi, una pini 20 za kuingiza na kutoa. Pini 20, taa 336.

Njia iliyozoeleka ni kuwasha kwa zamu, na hapa ndipo siri yote ilipo. Fikiria mtu mwenye birika moja na vyungu vinane vya maua. Hana mabirika manane, kwa hiyo anamwagilia cha kwanza, anahamia cha pili, mpaka cha nane, halafu anarudi mwanzo. Udongo wa chungu cha kwanza haujakauka anapoufikia tena, na mpita njia anaona vyungu vinane vibichi muda wote. Jicho letu ndilo udongo: mwanga ukikatika kwa muda mfupi sana, hisia yake hubaki. Tarakimu moja tu ndiyo inayowaka kila wakati. Nyingine saba ziko gizani zikisubiri zamu.

Akichelewa kurudi, udongo hukauka, yaani jicho linaona mpepeso. Kwa watu wengi mwanga unaorudi zaidi ya mara 60 kwa sekunde huonekana umetulia, ingawa mpaka huo hubadilika kulingana na ukali wa mwanga na mtu mwenyewe, na pembe ya jicho huushtukia mpepeso mapema kuliko katikati. Vyungu vikiwa vinane, kila kimoja hupata maji thumuni ya muda, hivyo lazima amimine kwa nguvu zaidi. Ndivyo ifanyavyo chipu ya MAX7219, inayoendesha tarakimu nane: inaweza kusukuma mkondo wa umeme wa takriban miliampea 40 kwenye kipande, lakini kwa kuwa ni thumuni ya muda, wastani ni 5 tu. Asipoinua birika vizuri anapohama, matone huangukia chungu jirani; kwenye dashibodi utaona kivuli hafifu cha 8 juu ya 1 iliyo pembeni yake, na dawa yake ni kuzima kila kitu kwa muda mfupi mno kabla ya kuhama. Kisha kuna ajali inayomkuta anayeandika programu ya zamu mwenyewe bila chipu ya kumsaidia: programu inaganda, mwagiliaji anasimama kama sanamu, birika limeelekezwa chungu kimoja. Taa iliyostahimili miliampea 40 kwa thumuni ya muda sasa inazipata mfululizo. Hunusa kabla hujaona.

Sasa simu. MAX7219 huzunguka tarakimu zake zote kiasi cha mara 800 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 1.25 na kila tarakimu inawaka kwa milisekunde 0.16 hivi. Usiku simu huacha mwanga uingie kwa muda mrefu, tuseme sehemu moja ya 50 ya sekunde. Katika muda huo mwagiliaji amezunguka mara 16, na video inatoka safi. Mchana simu hupunguza muda huo hata kufikia sehemu moja ya 4,000 ya sekunde, yaani milisekunde 0.25. Hapo tarakimu mbili tu ndizo zimepata zamu yao, pengine na kipande cha ya tatu. Zilizobaki simu haikuziona kwa sababu kweli hazikuwa zikiwaka.

Isitoshe, simu nyingi hazisomi picha nzima kwa mpigo. Husoma mstari baada ya mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kila mstari unashika wakati wake tofauti kidogo. Ndiyo maana dakika zilibaki nusu ya juu: mistari iliyosoma sehemu ya juu ilikutana na zamu ya tarakimu hiyo, ya chini ikachelewa. Ukisogeza simu karibu utaona kila tarakimu imechanwa mikanda ya mlalo. Ukirudi nyuma, tarakimu zinakuwa ndogo na baadhi hutoweka nzima.

Kompyuta yenye nguvu zaidi haigusi lolote kati ya hayo. Dawa ni kuachana na zamu: kila kipande kipewe mlango wake na kiwake mfululizo. Chipu ya 74HC595 ina milango minane na inakumbuka ilichoambiwa, kwa hiyo vipande 336 vinahitaji chipu 42, pamoja na rezista moja, kizuizi cha mkondo, kwa kila kipande. Chipu hiyo nayo haipitishi zaidi ya miliampea 70 kwa jumla, hivyo kila taa ibaki chini ya 9. Ni nyaya nyingi na jioni nyingi za kulehemu. Kwa gari litakalopigwa picha na kila apitaye, mimi ningelehemu. Kwa gari la kuendesha na kufurahia mwenyewe, zamu inatosha na inaokoa mgongo.

Mtego mmoja unabaki. Usiku tarakimu zinazong'aa sana humsumbua dereva, hivyo mjenzi huzipunguza mwanga, na njia rahisi ya kupunguza LED, yaani taa hizi ndogo, ni kuiwasha na kuizima haraka haraka. Kwenye Arduino Uno, nyingi kati ya pini zinazoweza kazi hiyo huifanya mara 490 kwa sekunde. Baada ya chipu 42 na rezista 336, mpepeso umerudi kupitia mlango wa nyuma. Inabidi kupandisha kasi hiyo hadi maelfu, au kupunguza mkondo wenyewe.

Taa ya mbele ya KITT, ile nyekundu inayokwenda na kurudi, ina ugonjwa huo huo. Balbu ya uzi hupoa polepole, na kupoa huko huacha mkia wa mwanga nyuma ya taa inayotembea. LED huzimika papo hapo, kwa hiyo mkia huandikwa kwenye programu kwa kuwasha na kuzima, nao hupepesa kwenye video. (Barabarani taa hiyo izimwe, nchi nyingi haziruhusu mwanga mwekundu kuelekea mbele.) Kinachofurahisha ni kisanduku cha sauti, zile nguzo nyekundu zinazocheza gari linapoongea. Kinaweza kuendeshwa na LM3915, chipu ya kizamani isiyo na programu hata mstari mmoja: inapokea sauti na kuwasha taa kumi, kila taa hatua ya desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa mkondo wa mfululizo usio na zamu. Katika dashibodi nzima, chenye teknolojia kongwe kuliko vyote ndicho kinachotoka vizuri kwenye simu.

Umeme wa gari nitaupitia mbio. Injini ikiwa inazunguka betri huwa kwenye volti 14 hivi, lakini starta inapovuta, volti hushuka ghafla na kompyuta hujiwasha upya. Kompyuta yenye skrini, mfano Raspberry Pi, huchukua muda kuamka, na ukiikatia umeme ghafla kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika. Ndiyo maana taa ziachiwe ubao mdogo unaoamka mara moja, na Pi ipewe skrini na sauti tu, pamoja na saketi inayochelewesha kuzimika ufunguo unapotolewa.

Kuna habari moja ya kweli ambayo dashibodi ya Back to the Future inaihitaji: mwendo wa gari, maana kwenye filamu gari huruka wakati likifika maili 88 kwa saa. Gari la filamu hiyo ni DeLorean, na zilizouzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa na mita ya mwendo inayoishia 85, kufuatana na kanuni ya usalama ya wakati huo, na hazina soketi ya uchunguzi, ile ambayo kompyuta ingeweza kusomea mwendo, iliyokuja kuwa ya lazima kwa magari ya huko kuanzia toleo la 1996. Mjenzi hutumia moduli ya GPS, ambayo kwa kawaida hutoa kipimo kipya mara moja kwa sekunde, kwa hiyo tarakimu zinaruka kutoka 84 hadi 88 bila kupita 86, na programu inalazimika kubuni namba za katikati. Maili 88 ni kilomita 142 kwa saa. Njia isiyo na faini ni swichi ndogo chini ya usukani inayoiambia programu kwamba gari linaongeza mwendo, hali limeegeshwa.