Mandhari si mazingira

Mpwa wangu anayeishi Florida alinitumia picha kumi na mbili kwa simu, zote kazipiga ndani ya makumbusho, na chini yake kaandika: "Mjomba, maonyesho ya picha za mazingira, ungezipenda." Nimezipenda. Ila neno hilo ndilo limenikaa kooni, maana mwezi huu nimelisikia kwa mtangazaji wa redio, nikaliona kwenye kadi ya mwaliko, na sasa limeingia mpaka nyumbani.

Picha ya mandhari ni mchoro ambao mhusika wake mkuu ni nchi yenyewe: mto, anga, kilima, ufuo. Mtu akiwamo ni wa kupita tu. Maana imekwisha hapo. Linaloniudhi ni kwamba neno tunalo, tena zuri, halafu tunaliacha na kulitwisha "mazingira" mzigo usio wake.

Mandhari tumelipata kwa Kiarabu, kutoka mzizi wa kutazama. Ndugu yake wa tumbo moja ni nadharia, ambayo nayo asili yake ni kulitazama jambo, ila kwa akili. Nadhiri hayumo katika ukoo huu. Dh yake kwa Waarabu ni herufi nyingine kabisa, na niliwahi kuumbuka kwa hilo mbele ya shehe mmoja aliyenisahihisha huku akicheka. Tazama pia ile ma- ya mwanzo. Kwa Kiarabu mara nyingi hutaja mahali pa tendo: maktaba ni pa maandishi, mahakama ni pa hukumu. Mandhari, basi, ni pale jicho linapotua.

Mazingira ni letu wenyewe, la kuzingira. Jeshi huuzingira mji, maji huzingira kisiwa. Mazingira yako ni yote yaliyokuzunguka, uyaone usiyaone: joto, harufu ya mtaro, bei ya unga, majirani, sheria za serikali. Huwezi kuyatazama yote kwa mara moja, kwa kuwa mengine yako mgongoni. Mandhari inadai kinyume chake: usimame mahali, uchague upande, na kilicho nyuma yako kibaki bila kuchorwa.

Nadhani shule ina lawama. Tulilelewa na "usafi wa mazingira", kisha mwalimu huyohuyo akatuambia tuchore mazingira ya shule, nasi tukachora bendera, mwembe na darasa. Walimu wa fasihi nao huita mandhari mahali na wakati wa hadithi, jambo ambalo kwa kweli linakaribia mazingira. Simu yangu huita mandhari ile picha inayokaa nyuma ya aikoni. Kila mmoja amejikatia kipande chake.

Waingereza neno lao, landscape, waliliazima kwa wachoraji wa Uholanzi, kwenye karne ya 16 kuelekea ya 17. Kwa Waholanzi, landschap ilikuwa kwanza eneo la nchi, kama jimbo, ndipo likaja kuwa jina la mchoro. Wao walianzia kwenye ardhi wakafika kwenye jicho. Neno letu lilianzia kwenye jicho moja kwa moja, nasi tunalibadilisha na jina la kamati ya usafi!

Sasa zile picha za mpwa wangu. Ni za Highwaymen, wachoraji 26 Weusi wa Fort Pierce na miji ya jirani, walioanza kazi miaka ya 1950. Jina hilo, ambalo kwa Kiingereza ni la majambazi wa njiani pia, walipewa baadaye sana, miaka ya 1990. Kwa kuwa majumba ya sanaa ya enzi ile hayakuwa na nafasi kwa Mweusi, walipakia picha kwenye buti la gari, rangi haijakauka, wakauza kando ya barabara na kwenye ofisi za watu, dola 25 hivi kila moja. Ndiyo maana maonyesho yao leo hutegemea sana wakusanyaji binafsi: picha zilianza maisha sebuleni, si makumbusho.

Moja nimeikuza kwenye simu mpaka ikavunjika chembechembe. Mti wa maua mekundu umeinamia maji, ule wengi wetu tunauita mkrismasi, ambao asili yake ni Madagaska na ambao kule Florida huchanua wakati wa kiangazi chao. Maji yametulia, mbingu ya rangi ya chungwa. Fremu ni vipande vya urembo wa dari vilivyopakwa rangi, na picha yenyewe imechorwa juu ya ubao laini wa ujenzi, jamaa wa siling bodi. Utamkumbuka Edward Saidi Tingatinga na vipande vyake vya hadibodi na rangi za baiskeli, Dar es Salaam. Naye Alfred Hair, kinara wa wale wa Fort Pierce, aliuawa kwa risasi mwaka 1970, miaka miwili kabla ya Tingatinga kupigwa risasi na polisi. Lakini Tingatinga alimweka mnyama juu ya rangi tupu. Mandhari haikuwa shughuli yake.

Rudi kwenye mkrismasi ule. Hakuna mashamba ya machungwa, ambako vijana hao wangeishia kuchuma kwa ujira mdogo laiti wasingeshika brashi. Hakuna mlango ulioandikwa "Weupe tu". Hakuna barabara wala gari. Aliyechora aliyajua yote hayo, yalimzingira toka asubuhi, naye akageuza uso kuelekea mtoni. Ukiiita picha ya mazingira, unamsingizia kuchora kile hasa alichokipa mgongo.

Nimemjibu mpwa wangu: ni mandhari, mama. Mazingira yako kwenye kile kibao cha maelezo ukutani, pembeni mwa picha, ambacho umekikata nusu. Ukirudi huko nipigie na hicho, chote.