PXR: kipokezi yatima kinachoziondoa homoni kabla hazijafika zinakotakiwa

Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango bila kuruka hata kimoja anaweza kushika mimba akianza dawa za kifua kikuu. Kipokezi chake cha estrojeni, yaani protini inayoipokea homoni hiyo ndani ya seli, ni kizima. Kilichobadilika ni ini, na mbadilishaji ni PXR, kipokezi kilichomo ndani ya seli za ini.

PXR ilitambuliwa mwaka 1998, ikiwa miongoni mwa vipokezi vya nyuklia (vinavyoshika DNA na kuwasha jeni) vilivyoitwa yatima kwa sababu jeni zao zilipatikana kabla ya kujulikana kinachoviamsha. Kipokezi cha estrojeni huchagua sana. Mfuko wa PXR, yaani pale kemikali inapokaa, ni mpana na hunyumbulika, hivyo hupokea steroidi, asidi za nyongo, hata rifampisini, dawa ya kifua kikuu.

Rifampisini ikishakaa mfukoni, PXR huungana na RXR, kipokezi mwenzake, viwili hivyo hushika DNA jirani na jeni ya CYP3A4, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa na homoni, na kuita protini saidizi kama SRC-1. Jeni husomwa kwa wingi. Kimeng'enya kinachozalishwa huvunja ethinilestradioli na projestini nyingi (homoni za vidonge), kotisoli (homoni ya tezi za adrenali) na prednisoloni (dawa inayofanana nayo). Ubongo haupati homoni ya kutosha kuzuia yai, nalo hupevuka.

Kwa kuwa kimeng'enya lazima kwanza kitengenezwe, athari hukamilika baada ya wiki moja hadi mbili, na haikomi siku dawa inapokoma. Njia nyingine ya kuzuia mimba iendelee wiki 4 baada ya dozi ya mwisho ya rifampisini. Kitanzi na sindano ya uzazi wa mpango ya DMPA ya kila miezi 3 hutosha. Kuongeza umakini wa kumeza vidonge hakusaidii.

Ninalohofia zaidi ni tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zilizoharibiwa na kifua kikuu chenyewe. Kotisoli kidogo iliyobaki ikivunjwa haraka, mgonjwa huishiwa nguvu, shinikizo la damu hushuka, na anaweza kufa. Anayetumia haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, kwa kawaida huhitaji dozi maradufu au zaidi.

Maabara, kosa kubwa ni kutegemea panya wa kawaida: rifampisini huamsha PXR yao kwa unyonge mno, na dawa ionekane haina neno. Seli za HepG2, zitokanazo na saratani ya ini, nazo zina CYP3A4 kidogo sana. Tumia seli za ini la binadamu, rifampisini mikromola 10 kwa saa 48 hadi 72, na sahani ya kulinganishia yenye DMSO (kiyeyushi cha dawa) pekee.