Kachumbari inayolia kwenye meno: tunayoyaamini na ulivyo ukweli

Idd iliyopita niliachiwa kachumbari. Pilau lilikuwa la shangazi, mimi nikapewa bakuli kubwa, kibao na kisu. Saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza: kabichi, nyanya, vitunguu, karoti, ndimu na chumvi, vyote nimevichanganya, nimefunika na kuweka kwenye friji. Saa saba chakula kilipoanza kupakuliwa nikafunua. Kabichi imelala, nyanya zimelegea, na chini ya bakuli maji yamesimama kina cha vidole viwili.

“Chumvi umeitia saa ngapi, mwanangu?” shangazi akaniuliza.

“Asubuhi, shangazi. Nilitaka ikolee.”

Akaliinamisha bakuli, akamwaga maji kwenye karo, akaonja kipande kimoja cha kabichi. “Haya maji yalikuwa ndani ya kabichi. Wewe ndiye uliyeyaita nje.”

Tangu siku hiyo sijapata maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Kabichi mbichi ni maji kwa takriban asilimia 92, nyanya asilimia 94 hivi, tango 95, karoti 88. Yakiwa ndani ya seli, maji hayo huzitunisha kama mpira uliojazwa upepo, na jino likizipasua ndipo tunapousikia ule mlio. Yakishatoka, mboga inabaki mpira usio na upepo. Makosa mengi ya kachumbari yanatokana na kutofuatilia maji yako wapi, na mengi tumeyarithi kama ushauri mzuri wa jikoni.

“Tia chumvi mapema ili ikolee”

Hii ndiyo iliyoniangusha mimi. Chumvi ikigusa mboga iliyokatwa huanza papo hapo kuvuta maji kutoka kwenye seli. Baada ya dakika kumi utaona kabichi inang'aa kama iliyonyeshewa. Baada ya nusu saa maji yameshaanza kukusanyika chini. Sukari nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo wale wanaopenda kutia kijiko cha sukari kwenye saladi ya kabichi wajue wanaongeza mvutaji wa pili.

Lakini si kweli pia kwamba chumvi haitakiwi kutangulia kamwe. Inategemea ni mboga gani na italiwa saa ngapi.

Kachumbari ya nyumbani, ya watu watano au sita, inayoliwa mara tu wali unapoiva, haihitaji chumvi mapema hata kidogo. Kata kila kitu, kiache kikavu, nyanya ziwe kwenye chombo chake. Ukishapakua, ndipo uchanganye, unyunyize chumvi, ukamulie ndimu, ugeuze mara mbili tatu, upeleke mezani. Kazi ya dakika tano, na kila mtu atasikia mlio wa kabichi ya mwenzake.

Kwenye shughuli ni habari nyingine, kwa sababu kachumbari itangoja wageni utake usitake. Hapo chukua kabichi peke yake, nusu kilo kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ifikiche kidogo kwa vidole na uiache dakika 20 hadi 30. Kisha ikamue kwa mikono miwili, ngumi baada ya ngumi. Utashangaa kiasi cha maji yatakayotoka. Onja, chumvi ikizidi, isuuze haraka kwa maji safi ya kunywa na uikamue tena. Kabichi ya namna hii haikatiki kama ile mbichi kabisa. Inapindika, ila bado inalia, na maji iliyokuwa iyamwage mbele ya wageni imeshayamwaga jikoni. Iweke kwenye friji, na vitu vingine uviongeze wakati wa kupakua.

Nyanya usizitangulizie chumvi. Zina ute mwingi, na ute huo ndio unaogeuza kachumbari kuwa mchuzi. Ziwe zile ndefu zenye nyama nene, kama Rio Grande, badala ya zile za duara zilizojaa maji. Zikate nusu, zikung'ute mbegu na ute kwenye kikombe, halafu ukate vipande. Kile kikombe mimina kwenye sufuria ya mchuzi, kwani ladha kubwa ya nyanya iko humo.

“Kabichi iliyonyauka ndiyo basi tena”

Hapana. Kama imenyauka tu, haijaoza wala haina utelezi, ina kiu. Tenganisha majani, yaoshe, yazamishe kwenye maji safi ya baridi yenye barafu kwa dakika 20 hivi. Maji yatarudi ndani ya seli na jani litasimama. Karoti iliyolegea hadi kupindika kama kamba nayo hufufuka, ila inataka saa moja au zaidi. Ni ile kanuni ya chumvi, safari hii inaenda upande wa pili. Wengine huzamisha kabichi ikiwa imeshakatwakatwa, na kweli inakaza upesi zaidi, lakini sehemu ya vitamini C huyeyukia kwenye maji hayo. Mimi nazamisha majani mazima. Kwa vyovyote, maji yake yakaushe vizuri kwenye chujio na kitambaa safi, la sivyo umeyamwaga mwenyewe bakulini.

“Ukikata nene ndiyo italia zaidi”

Ukikata nene utatafuna zaidi, basi. Kabichi ina mishipa migumu, na kipande kinene cha mshipa huo kinachosha taya. Toa kiini, kisha kata kwa kukatiza mishipa, nyembamba kiasi cha milimita mbili au tatu. Kila uzi utakatika safi ukiuma.

Kinachoharibu mlio kuliko unene ni kisu butu. Kisu butu hakikati, kinaponda, na seli iliyopondwa imeshamwaga maji yake juu ya kibao kabla hujaitia chumvi. Ukimaliza kukata, tazama kibao chako: kikiwa chepechepe, kinoe kisu. Kwa sababu hiyohiyo karoti ya kukwaruza hulowanisha kachumbari haraka kuliko karoti iliyokatwa kwa kisu iwe vijiti vyembamba. Inachukua muda, nakiri, lakini tofauti unaisikia mdomoni.

“Kitunguu kifikiche kwa chumvi mpaka ukali uishe”

Kitunguu kizima, kabla hujakikata, hakina ukali huo wala harufu hiyo. Ndani ya seli zake kuna viambata vyenye salfa na kuna kimeng'enya, yaani protini inayochochea kemikali zibadilike, vimetengwa. Kisu kikipasua kuta, vinakutana, na hapo ndipo ukali na ile gesi inayotutoa machozi vinapotengenezwa. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walitambua kimeng'enya cha pili chenye kazi ya kutengeneza gesi ya machozi, jambo ambalo kabla ya hapo halikujulikana.

Kwa maneno mengine, kadiri unavyokiponda ndivyo unavyozalisha ukali, halafu unahangaika kuuosha. Kukifikicha kwa chumvi kunauondoa kweli, ila kinachobaki ni kitambaa kilicholowa. Kata kwa urefu, kutoka kichwani kuelekea kwenye mizizi, kwa kisu kikali; seli chache zitapasuka na vipande vitabaki vimesimama. Viloweke kwenye maji baridi dakika kumi, mwaga, rudia mara moja, chuja. Kama ni vile vitunguu vyekundu vya Mang'ola, jaribu na hili: viloweke kwenye maji ya ndimu badala ya maji matupu. Asidi hutuliza ukali, na rangi yake ya zambarau inageuka waridi ang'avu mbele ya macho yako. Vikiwa juu ya kabichi nyeupe, bakuli linapendeza kabla hujala.

“Ndimu inaua kila kijidudu, na chumvi inamalizia”

Hapa naomba tutulie, kwa sababu kachumbari haipiti motoni.

Ndimu ina nguvu, si hadithi. Miaka ya 1990 kipindupindu kilipoikumba Guinea-Bissau, watafiti waliona kwamba waliotia maji ya ndimu kwenye chakula waliugua kidogo kuliko wengine, na maabara ikathibitisha kuwa asidi yake huua bakteria wa kipindupindu. Lakini huyo ni bakteria mmoja, anayejulikana kwa kutovumilia asidi. Mayai ya minyoo ya tumbo yana ganda gumu ambalo ndimu na siki haviliwezi. Bakteria wengine nao hustahimili asidi hiyo kwa muda wa kutosha kukulaza.

Maji ya chumvi yana faida moja ya kweli: viwavi na vidudu vilivyojificha kati ya majani hutoka na kuelea. Bakteria hawashtuki na chumvi ya dakika kumi. Sabuni ya vyombo nayo usiitumie, maana mboga hunyonya.

Kinachosaidia ni kuosha, na kuosha kabla ya kukata. Wengi wetu tunakata kwanza, tunaosha baadaye, kumbe kisu kimeshauchukua uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Bandua majani mawili ya nje ya kabichi uyatupe. Sugua nyanya, karoti na tango kwa mikono chini ya maji yanayotiririka. Maji ya mwisho yawe yale ambayo ungemnywesha mtoto: yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotibiwa. Na kibao kilichokatiwa nyama ya pilau kisiguse kachumbari kabla hakijaoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Hili la kibao ndilo ninalolisimamia kwa ukali kuliko yote jikoni kwangu.

“Pilipili inaleta vidonda vya tumbo, na ukali wake uko kwenye mbegu”

Mawili kwa mpigo. Vidonda vya tumbo husababishwa hasa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa ugunduzi wa bakteria huyo. Marshall alikuwa amemnywa yeye mwenyewe mwaka 1984 ili watu wamwamini. Mwenye vidonda tayari anaweza kuumizwa na pilipili, na huyo awekewe kachumbari yake pembeni. Lakini si pilipili iliyomtia vidonda.

Ukali hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshika mbegu. Mbegu huonekana kali kwa sababu zimeugusa. Kwangua utando, utabaki na harufu nzuri ya pilipili na moto kidogo. Aliyezidiwa mpe maziwa au mtindi, maji hayamsaidii.

“Kachumbari halisi haina kabichi”

Nimeusikia ubishi huu mara nyingi, hasa kati ya watu wa pwani, ambao kwao kachumbari ni nyanya (tungule, kwa wa Unguja), vitunguu, pilipili na ndimu, na wale waliokulia kwenye vibanda vya chipsi, ambako bila kabichi hawaoni kachumbari. Neno lenyewe ni ndugu wa kachumbar ya Bara Hindi. Nyanya na pilipili asili yake ni Amerika, hazikufika huku kabla ya Wareno kuanza safari zao. Kabichi ni ya Ulaya, na kibailojia ni spishi moja na sukuma wiki. Wote ni wageni waliokaribishwa. Mimi natia kabichi, na msimu wa embe mbichi natia na embe.

Saladi ya kabichi yenye mayonezi nayo ina historia yake: koolsla ya Waholanzi, kool ikiwa kabichi na sla saladi. Watu husema mayonezi ndiyo inayoichachusha haraka. Mayonezi ya dukani ina asidi inayozuia bakteria. Ile ya kupiga nyumbani kwa mayai mabichi ndiyo ya kuogopa, pamoja na chochote kilichoachwa juani.

Mafuta kidogo, kwa njia, si ya kudharauliwa. Mwili hauwezi kufaidi vizuri rangi ya karoti, ile tunayoigeuza kuwa vitamini A, bila mafuta. Vipande vya parachichi vinatosha.

“Iliyobaki ni ya kutupa”

Iliyokaa mezani zaidi ya saa mbili, ndiyo, itupwe, na kwenye joto la kupita nyuzi 32 saa moja inatosha kuiharibu. Iliyowahi friji haina ubaya. Mlio hautarudi, lakini ikamue, kaanga kidogo na mayai mawili, ule na chapati asubuhi.

Bakuli langu la Idd halikutupwa. Shangazi aliikamua kabichi yote ngumi kwa ngumi, nyanya zilizolegea akazitumbukiza kwenye sufuria ya mchuzi uliokuwa bado motoni, kisha akanituma nikakate nyanya nne mpya na vitunguu viwili. Nilipovileta akaangalia kwanza kama nimetia chumvi. Sikuwa nimetia. Akatia yeye, akakamua ndimu, akageuza mara mbili, akasema, “Peleka sasa hivi, usisimame njiani.”