Je, wajua kwa nini dawa inayomwaga sukari kwenye mkojo huzilinda figo?

Kwa miaka mingi niliamini kuwa sukari kwenye mkojo ndiyo inayoziharibu figo za mwenye kisukari, kana kwamba huzikwangua ikipita. Niliposikia kuna dawa zinazomfanya mgonjwa akojoe sukari makusudi, niliziogopa. Nilikosea. Wapo watu wanaorithi hitilafu inayowafanya wakojoe sukari maisha yao yote, ilhali sukari ya damu yao ni ya kawaida, na figo zao kwa kawaida hubaki nzima. Kwa mwenye kisukari, sukari ya kwenye mkojo ni ishara tu kwamba ya kwenye damu imezidi uwezo wa figo kuirudisha. Mtu mzima mwenye afya huchuja takriban gramu 180 za glukosi kwa siku na kuirudisha karibu yote.

Kinachoumiza ni presha ndani ya vichujio vya figo. Protini iitwayo SGLT2, inayorudisha sehemu kubwa ya sukari hiyo, huibeba pamoja na sodiamu, madini yaliyo kwenye chumvi. Sukari ikizidi, sodiamu nayo hurudishwa kwa wingi.

Sasa fikiria mfereji wa kumwagilia mashamba. Mlinzi amekaa chini, chanzo hakioni. Anapima tu maji yanayomfikia. Wa mashamba ya juu wakichepusha mengi, yeye huona machache na kuagiza lango lipanuliwe. Maji hufurika huko juu na kingo humomonyoka. Kwenye figo, mlinzi ni seli zinazopima chumvi, na lango ni kishipa kinacholeta damu. Dawa kama empagliflozini na dapagliflozini huziba ule mchepuko, chumvi ikamfikia mlinzi, naye akalipunguza lango. Ndiyo maana kipimo cha uchujaji hushuka kidogo wiki za mwanzo: mara nyingi ni presha inayopungua, si figo kufa.

Maelezo haya yana ushahidi mzuri zaidi kwa kisukari cha aina ya kwanza, ambako dawa hizi hutumiwa kwa tahadhari kubwa kwa sababu zinaweza kuleta asidi hatari kwenye damu. Kwa aina ya pili, huenda kishipa kinachotoa damu ndicho kinacholegea zaidi. Tena mwaka 2020 jaribio kubwa la dapagliflozini lilionyesha kuwa inazilinda hata figo gonjwa za watu wasio na kisukari kabisa, ambao hawana sukari ya ziada ya kumdanganya mlinzi.